Kioo cha ubavuni cha gari: bei rahisi hulipwa na nani?

Msimu wa maembe uliopita, siku ya Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, mmoja wa wanafunzi wa madrasa yetu hapa Dar es Salaam alirusha jiwe kwenye mwembe. Jiwe lilikosa embe, likavuka tawi, likatua ubavuni mwa gari la msikiti lililokuwa limeegeshwa upande wa pili. Kioo cha mwisho cha kushoto, kile kisichofunguka, kilicho pembeni mwa kiti cha tatu, kilimwagika chote kwa mara moja kama punje za chumvi ya mawe. Ndani ya gari hapakuwa na mtu, alhamdulillah.

Gari hilo ni Toyota Noah ya waqfu. Jumamosi na Jumapili huwaleta madrasa watoto wanaokaa mbali. Siku za msiba huwachukua wazee kwenda makaburini na kuwarudisha. Kiti cha tatu, kando ya kioo kilichovunjika, ni kiti cha watoto watatu walio wadogo kuliko wenzao wote. Sisi wanakamati tulidhani jambo hili ni la siku moja na fundi mmoja. Lilituchukua hadi Jumanne, na katika siku hizo tulikaribia kutumbukia katika makosa mawili ambayo, kwa tunavyoona mitaani, familia nyingi hutumbukia bila kujua. Ndiyo maana tumeona tuyaandike haya katika ukurasa wa familia.

Vioo vya gari si vya aina moja

Waliokuja kufagia walistaajabu kwamba vipande vyote vilikuwa vidogo na hakuna aliyekatwa kidole. Hilo si jambo la bahati. Kioo kile kilivunjika kama kilivyoundwa kivunjike.

Kioo cha mbele cha gari huundwa kwa tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati. Kikipigwa hupata nyufa, lakini vipande hubaki vimeshikamana na utando ule. Vioo vya ubavuni na vya nyuma, katika gari nyingi tunazotumia, ni vya aina nyingine. Hivyo ni kipande kimoja kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapozwa ghafla kwa upepo mkali. Uso wake hutangulia kupoa na kuwa mgumu. Sehemu ya ndani hupoa baadaye, na katika kupoa hujivuta. Mwisho wake uso hubaki umebanwa na ndani kumevutwa. Mvutano huo hukifanya kiwe imara mara kadhaa kuliko kioo cha dirisha la nyumba cha unene uleule, na siku kikishindwa husambaratika chote kuwa punje ndogo zisizo na ncha ndefu.

Kutokana na maumbile hayo yapo mambo matatu ambayo kila mwenye gari anapaswa kuyafahamu. Kwanza, kioo cha namna hii hakizibwi ufa. Kioo cha mbele kikipata tundu dogo huweza kujazwa dawa. Cha ubavuni kikishavunjika hubadilishwa tu. Pili, kikishapitishwa kwenye moto hakikatwi wala hakitobolewi. Mtu akikuambia atakipunguza kidogo ili kiingie, ama hajui anachokisema au anakuficha jambo. Tatu, udhaifu wake uko ukingoni. Uso huvumilia kishindo kikubwa, lakini ukingo ukigongwa na spana au ukiwekwa vibaya sakafuni, kioo kizima huweza kulipuka mikononi.

Aina ya kioo huonekana kwenye alama ndogo iliyochapwa pembeni. Humo huwamo jina la kiwanda, na mara nyingi neno TEMPERED kwa kilichoimarishwa kwa moto, au LAMINATED kwa chenye tabaka mbili. Huenda pia ukaiona herufi E ndani ya duara pamoja na namba, ikiwa ni ithibati ya kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari, au maandishi AS2 au AS3 ya utaratibu wa Marekani. Baadhi ya gari mpya siku hizi zina vioo vya tabaka mbili hata milangoni, kwa hiyo soma alama kabla ya kununua wala usikisie. Kipande chenye alama kikiokolewa kwenye vile vilivyovunjika, usikitupe. Sisi tulikiweka kwenye bahasha, na kilitufaa sana dukani.

Kishawishi cha kwanza

Fundi alikuja Ijumaa asubuhi. Ni mtu mwema, jirani yetu wa miaka mingi, na nia yake ilikuwa kuupunguzia msikiti gharama. Alipima uwazi kwa kamba, akasema:

“Ustadh, hapa msijisumbue. Barabara ya pili yuko bwana wa madirisha ya aluminiamu. Anakata kioo cha milimita tano, tunakibandika, na kabla ya Ijumaa haijasaliwa gari linatembea.”

Bei aliyoitaja haikufika robo ya bei ya kioo halisi. Tunakiri kwamba tulitikisa vichwa kwa kukubali. Aliyetuzuia ni mwalimu wa watoto wadogo, ambaye alikuwa amesimama kwenye baraza akisikiliza. Aliuliza swali moja tu: “Na hicho kikivunjika, fundi, kitavunjikaje?”

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa haki: “Kama cha nyumbani, mama.”

Kila mzazi aliyewahi kufagia kioo cha dirisha anajua maana ya jibu lile. Kioo cha kawaida huvunjika kuwa mapande marefu yenye makali kama panga. Likitokea gongano barabarani, au hata breki ya ghafla kichwa cha mtoto kikapiga kioo, mapande yale hukutana na shingo na uso wake. Zaidi ya hayo, vioo vingi vya ubavuni vina mpindo mdogo unaofuata umbo la gari. Kioo bapa kilicholazimishwa mahali pake hakikai vizuri. Huacha mwanya wa maji, hutetemeka barabarani, na mtetemo wenyewe hukipasua.

Ipo hali moja inayofanana na hiyo, nayo ni kuziba kwa plastiki ngumu. Haikati kama kioo, lakini hukwaruzika upesi na hufifia kwa jua. Kwa siku mbili tatu za dharura nailoni safi inatosha.

Namba iliyofutwa

Tulipolikataa la kwanza, fundi alipiga simu. Kabla ya Magharibi alifika kijana kwa pikipiki, amebeba kioo kilichoviringishwa katika blanketi. Kilikuwa kioo halisi cha Noah, upande wa kushoto, chenye alama ya kiwanda, na rangi yake ilifanana na vioo vyetu vilivyobaki. Alitaka shilingi 50,000. Risiti hakuwa nayo.

Mwenyekiti wetu, mzee asiyependa haraka, alikichukua akakiinamisha kwenye taa ya baraza. Chini, upande wa pili wa alama ya kiwanda, palikuwa na weupe kama pamesuguliwa kwa msasa. Alivaa miwani akaangalia tena. Ndani ya weupe ule ilionekana herufi T na tarakimu mbili za kwanza za namba ya gari.

Wasomaji wetu wa mijini wanaifahamu desturi hii. Wenye magari huandikisha namba za usajili kwenye vioo na kwenye taa, ili mwizi akiiba apate shida ya kuuza.

“Mwanangu, kioo hiki kimetoka wapi?” mzee aliuliza.

“Gari lilipata ajali, mzee. Limeshakatwa.”

“Na namba imefutwa kwa nini?”

Kijana hakujibu. Alitazama pikipiki yake.

Tusimdhulumu mtu kwa dhana. Magari hupata ajali kweli, hukatwa kweli, na vifaa vyake huuzwa kwa haki. Biashara ya vifaa vilivyotumika ni riziki ya halali ya watu wengi, na bila hiyo wengi wetu tusingemudu kutunza magari. Lakini namba ya gari lililokatwa kwa haki haina sababu ya kusuguliwa. Anayeifuta anamficha mtu fulani.

Hapo mweka hazina wetu alisimulia yaliyomfika mwenyewe. Mwaka uliotangulia aliibiwa taa za nyuma usiku, nje ya nyumba yake. Asubuhi alitafuta nyingine, akaletewa jozi nzuri kwa bei nafuu, akalipa kwa furaha. Alipozifunga aliona mkwaruzo alioupata mwenyewe kwenye nguzo ya geti. Alikuwa amenunua taa zake. “Nilicheka siku ile,” alisema, “lakini nilijua kwamba waliozitoa usiku walitolewa na fedha za watu kama mimi.”

Kwa waliosoma fiqhi suala hili halina utata mkubwa: mali iliyoporwa hubaki ni ya mwenyewe hata ikipita mikono mingapi, na anayeinunua huku akijua, au dalili zikiwa wazi mbele yake, hawezi kujivua kwa kusema ametoa fedha yake. Sheria ya nchi nayo, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa jinai. Sasa iweje kamati ya msikiti itoe sadaka za watu kulipia kioo cha mtu mwingine, kisha iwapakie watoto na kuwapeleka kusoma Qur’ani?

Tulimrudishia kijana kioo chake. Na hapa ndipo tunapojilaumu mpaka leo. Tulitosheka na kuisafisha mikono yetu. Hatukuinakili ile herufi na zile tarakimu mbili, wala hatukuripoti popote. Mahali fulani mjini yupo mtu ambaye asubuhi ile aliliona gari lake likiwa na tundu, na sisi tulikuwa na nusu ya namba yake mkononi. Ikikutokea, msomaji, fanya lile tulilolikosa.

Jinsi ya kununua

Jumatatu tulikwenda Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya magari, tukiwa na kadi ya gari na bahasha yetu. Kadi ni muhimu kwa sababu jina la gari halitoshi. Noah ya SR40 na Noah ya AZR60 zote huitwa Noah, lakini ni miili tofauti, na kioo cha moja hakiingii kwenye nyingine. Namba ya fremu ndiyo inayosema kweli.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya: upande wa kulia au wa kushoto, ukiwa umekaa ndani ya gari ukitazama mbele, rangi, kwa maana vipo vioo vyenye giza la kiwandani na vipo vyeupe vilivyobandikwa karatasi ya tinti, na nyaya nyembamba za antena, ambazo katika baadhi ya gari huchapwa kwenye kioo cha ubavuni, na ukizikosa redio hukoroma. Kama kioo ni cha kutumika, pitisha kidole polepole kando ya ukingo wote. Ukikuta pameng’oka hata kama punje ya mchele, kiache; huo ndio mlango wa kupasukia. Kiinamishe kwenye mwanga utafute namba ya gari, iwe imefutwa au haijafutwa. Ukiikuta, muulize muuzaji habari za gari hilo. Mwenye kujua mali yake ilikotoka hujibu bila kusitasita.

Nunua kwa mwenye fremu ya duka ambaye utamkuta kesho, na udai risiti ya mashine ya EFD. Sisi tulilipa shilingi 130,000. Tofauti ya 80,000 ilileta maneno katika kikao, na si vibaya kusema hivyo. Ni fedha ya watu. Hata hivyo risiti ipo kwenye faili, na kila muumini anaweza kuiomba aione.

Kufunga kioo kilichogundishwa

Kioo kisichofunguka hushikwa ama na mpira au na gundi maalumu ya vioo vya magari. Cha mpira ni rahisi, ila mpira uliokauka na kupasuka ubadilishwe palepale, kwani mvua ya kwanza itaingilia hapo. Cha gundi kinataka subira zaidi.

Fundi mzuri hang’oi gundi yote ya zamani hadi kwenye bati. Huikata kwa kisu na kubakiza tabaka nyembamba, ambayo gundi mpya huishika vizuri. Akikwaruza rangi hadi chuma kionekane, apake dawa ya kuzuia kutu kabla ya kuendelea. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, mkwaruzo uliofunikwa na gundi huwa kutu kubwa ndani ya muda mfupi. Kisha husafisha ukingo wa kioo, hupaka dawa ya kushikisha, hutandika gundi kwa mstari mmoja usiokatika, hukiweka kioo na kukizuia kwa gundi ya karatasi.

Silikoni ya vigae na masinki isitumike mahali hapa, hata ikiwa inafanana machoni. Haikutengenezwa kubeba kioo katika mtikisiko wa barabara.

Gundi ya kweli hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewa, na muda wake hutofautiana. Soma maelekezo kwenye kopo, usikubali la “linatosha hilo”. Kwa siku nzima ya kwanza acha dirisha jingine wazi kidogo, kwa sababu mlango ukifungwa kwa nguvu ndani ya gari lililozibwa, hewa husukuma kioo kipya kabla hakijashika. Usilipeleke kuoshwa kwa mashine ya presha. Siku ya pili mwagia maji ya kawaida kutoka juu, mtu akiwa ndani anapapasa kingo kwa karatasi kavu.

Kioo cha mlango kinachopanda na kushuka

Huenda kilichovunjika kwako ni kile cha mlango wa nyuma. Hapo gundi haihitajiki, lakini ipo kazi nyingine iliyojificha. Punje nyingi huangukia ndani ya mlango. Kava la mlango lazima lifunguliwe na punje zivutwe zote kwa mashine ya kuvuta vumbi, la sivyo zitaziba matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango, maji yatasimama na bati litaoza. Zikibaki kwenye mfereji wa mpira zitakikwaruza kioo kipya kila kinaposhuka.

Ndani ya kava huwa kuna nailoni inayozuia maji. Mafundi wengine huichana na kuitupa. Dai irudishwe na ibandikwe upya. Mwisho, kabla ya kulipa, pandisha na ushushe kioo mara kadhaa. Kikienda upande au kikilia, mashine yake haikukazwa sawa.

Saa ya kwanza, na mapatano

Kioo kikivunjika, watoto wakae mbali hadi viti vifutwe. Fagia, vuta kwa mashine, kisha futa kwa kitambaa kibichi, na usisahau mishono ya viti na kiti cha mtoto mchanga. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Kama ni wizi, nenda kituoni upate RB, kwani mwenye bima kubwa ataombwa. Bima kubwa nyingi hulipia vioo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Bima ndogo, kama iliyokuwa yetu, hulipa madhara uliyomfanyia mwingine, si kioo chako.

Patana na fundi kabla hajagusa gari: ujira kiasi gani, gundi ni ya nani, kioo kikipasuka mikononi mwake nani atabeba hasara, na maji yakivuja atarudi bila malipo kwa muda gani. Sisi na fundi wetu tuliyaandika haya kwenye karatasi, na ujirani wetu umebaki salama.

Gari lilirudi kazini Jumanne. Mwisho wa juma lililotangulia wazazi walikuwa wamewaleta watoto kwa miguu na kwa daladala, na wapo walionung’unika, wakiwa na haki yao. Tumeandikisha namba ya usajili kwenye vioo vyote, pamoja na kipya. Yule mwanafunzi alikuja na bibi yake kuomba radhi, akiwa na shilingi elfu tano zilizokunjwa ndani ya leso. Mwenyekiti hakuzipokea. Alimpa kazi ya kuokota maembe yaliyoanguka kila Alhamisi na kuyagawa kwa wenzake, mti usirushiwe mawe tena.

Wabillahi tawfiq.